Chachu ya Kizazi cha Tatu

Shitang, 12 Septemba 1986

Kwako Mama Fundi,

Shikamoo mama. Kabla ya yote nakuuliza hali ya goti la kushoto, maana huku mvua za vuli zimeanza, na goti lako husikia mvua siku mbili kabla ya mawingu. Sisi hatujambo. Xiaoman ametimiza miezi minne kasoro siku tisa. Hulala nikiwa nimesimama tu, nikikaa analia. Kwa hiyo naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kifuniko cha mtungi, mtoto mgongoni. Usinicheke mwandiko.

Mama, nina habari. Ile chachu mama, ya kuzalishia nyingine, uliyonifungia kwenye kitambaa siku ya kuagana, niliizalisha kizazi cha kwanza kabla sijajifungua. Pombe yake ndiyo niliyokunywa na mayai mwezi mzima wa uzazi, maziwa yakaja kama chemchemi. Kizazi cha pili nilikitengeneza mwezi wa saba, majirani wawili wakajaribu, wakasifu, wakatangaza. Sasa nyumba ishirini na tatu za Shitang zinataka chachu yangu kwa pombe ya mwaka mpya.

Ishirini na tatu, mama! Wanawake walipokuja kuagiza, mama mkwe alisema mbele yao, "Huyu wa kuolewa juzi, ambaye hata wali wake huungua chini, leo ndiye fundi wa kijiji?" Akacheka, nao wakacheka, mimi pia nikacheka kwa adabu. Lakini baadaye aliniweka kando akaniambia bila kucheka: pombe ikitoka nzuri, kinu ninachosagia majani ya chachu ni changu na hakuna wa kunigusa. Ikiharibika, kinu kinarudi kutwanga chakula cha nguruwe, nami narudi shambani kama wake wa shemeji zangu. Mume wangu Bingsheng yuko mjini kwenye tanuri za matofali, harudi mpaka sikukuu. Hakuna wa kunisemea.

Kizazi cha tatu ndicho kitakachoingia kwenye mchele wao. Kwa hiyo nipitie, kama ulivyokuwa ukinipitia nikisimama mbele yako mikono nyuma. Unga wa mchele mpya. Majani ya mforosadi, pakanga, yale maua ya njano ya mlimani, maganda ya machenza, tangawizi mwitu. Matano. Yakaushwe kivulini, yasagwe, yachanganywe na unga na ngumi moja ya chachu iliyotangulia. Madonge kama yai la njiwa, juu ya mabua, chini ya blanketi, siku tatu mpaka manyoya meupe yaote.

Nimesahau kitu? Niambie tu, usinionee huruma.

Mwanao,
Hemei

*

Yunkeng, 25 Septemba 1986

Mwanangu Hemei,

Marahaba. Goti linauma. Nimefurahi kusikia mtoto ananenepa. Usimfunge sana mgongoni, miguu itapinda.

Neno nisilojua kuliandika nimelichorea duara kama ulivyonifundisha. Barua hii imenichukua siku nne. Mpwa wangu alitaka kuniandikia nikakataa, nikamwambia mimi nina mwalimu wangu.

Nimeisoma orodha yako mara mbili. Hujasahau kitu. Ni hayo matano.

Mama mkwe wako usimjibu. Fundi hajibu kwa mdomo. Na ukimkuta Yueqin sokoni usimsikilize. Unajua nilivyomfundisha yule kabla yako, na unajua alivyoondoka bila kuaga. Paka alimfundisha chui milia kunyatia, kuruka na kukamata. Siku chui alipohitimu akataka kumla paka. Paka akapanda mti. Hilo hakuwa amemfundisha.

Utakuja lini? Kitanda chako nimekitandikia mabua mapya.

Mama yako,
Qiao Guizhen

*

Shitang, 18 Desemba 1986

Mama Fundi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi haijakuzidi na mpwa wako amekuletea mkaa. Xiaoman ana mafua kidogo, lakini ananyonya.

Mama, pombe imeharibika. Si mtungi mmoja. Nyumba zote ishirini na tatu.

Siku ya nane baada ya kutia chachu, mama Pan, mmoja wa walioagiza, alifunua mtungi wake, akaita jirani, jirani akafunua wake. Mpaka adhuhuri walikuwa wamesimama uani kwetu kila mmoja na bakuli lake. Nilionja yote. Nilianza bakuli la kwanza nikiwa na matumaini, na kufikia la tano nilikuwa naonja tu kwa sababu wamesimama. Chungu, halafu kali, na utelezi juu. Mchele wote wa kunata waliouweka kwa sikukuu, mama. Mama Pan akasema, "Basi siki tunayo ya mwaka mzima. Hemei, tuletee samaki tuchovye." Watu wakacheka, na kile kicheko kilinichoma kuliko matusi.

Mama mkwe hakunipigia kelele. Alikwenda akachukua kinu, akakibeba mwenyewe hadi bandani kwa nguruwe. Ana miaka sitini na nne, na kile kinu ni kizito. Hakutaka nimsaidie.

Nimejiuliza kila hatua. Labda blanketi lilikuwa na unyevu. Labda maganda ya machenza yalikuwa ya zamani. Labda nilichanganya kwa haraka kwa sababu mtoto alikuwa analia, na wewe ulikuwa unasema mkono wenye haraka huua chachu. Siku ile nilikuwa nimechoka sana, sikatai. Niambie kosa langu liko wapi. Wamesema watanipa nafasi moja tena majira ya kuchipua, ila lazima niwaeleze kilichotokea, nami sina la kuwaeleza.

Nakungoja.

Mwanao,
Hemei

*

Shitang, 20 Januari 1987

Kwa Mama Fundi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mwezi mzima umepita na hukunijibu, na sasa najua kwa nini.

Juzi nilikwenda soko la kufunga mwaka wa kalenda ya mwezi. Yueqin anauza mabeseni ya plastiki karibu na daraja. Nilitaka kupita nimeinamisha kichwa, kama ulivyoniagiza. Akaniita kwa jina. "Wewe ndiye mtoto wa Qiao wa sasa, sivyo? Nimesikia ya Shitang. Kizazi cha ngapi?"

Nikamwambia, cha tatu.

"Cha tatu," akasema. "Changu pia hakikuwahi kupita hapo. Njoo ukae." Akanisogezea kibeseni nikikalie. Halafu akaniuliza, "Siku ya kusaga majani, alikuwa anakutuma wapi?"

"Kisimani."

"Na pipa la maji?"

Nikamtazama usoni.

"Lilikuwa limejaa," akasema. "Langu pia lilikuwa limejaa. Miaka miwili nachota maji ya kumwaga. Mara moja nilirudi mapema kwa sababu kamba ilikatika, nikamkuta anasaga kitu kibichi, cha kijani. Akafunika kinu kwa aproni yake. Nikarudi nje kuunga kamba. Baada ya kuhitimu nikawa narudi kwake kila mwaka na jogoo mkononi kuomba chachu mama, maana yangu ilikuwa inakufa. Mwaka wa tatu nikachoka kuomba. Ndiyo huko kuondoka bila kuaga."

Mama, nilikaa kwenye lile beseni mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nazihesabu zile ndoo. Kila mwezi wa kusaga, kwa miaka mitatu. Mwaka wa mwisho nilikuwa na mimba, na bado ulinituma. Nami nilikuwa nafurahi kwenda. Nilikuwa nasema moyoni, mama anataka nipate hewa.

Siku ya kuanza uanagenzi nilikupigia magoti mara tatu, nikakupa chai kwa mikono miwili. Ukainywa, ukasema mwalimu wa siku moja ni mzazi wa maisha. Nilikuosha nywele. Goti lako nililikanda mimi. Na jioni, baada ya kazi, nilikufundisha kusoma. Mimi ni wa shule ya msingi tu, maneno yangu ni machache, lakini nilikupa yote. Hata yale magumu niliyoyajua nusu nilikwenda kumuuliza mwalimu wa shule kwanza ili nisikufundishe kosa. Sikubakiza hata neno moja ili uwe unanihitaji.

Halafu nikakuuliza kwa barua: nimesahau kitu? Nawe ukaniandikia: hujasahau kitu. Umeyaandika vizuri maneno hayo, mama. Hayakuwa na duara hata moja. Nilikufundisha mimi.

Nakutakia mwaka mpya mwema kwa sababu ndiyo desturi.

Hemei

*

Yunkeng, 16 Februari 1987

Mwanangu,

Hukuniandikia "mwanao". Nimeona.

Barua yako ya Desemba niliipata. Nilianza kujibu mara tano. Karatasi nimewashia jiko.

Ni kweli. Liko la sita.

Fundi wangu mimi pia alinificha. Nilimfulia miaka kumi na mmoja, akaniambia la sita akiwa kitandani anakufa, amekwisha kukata chakula. Husemwa, mfundishe mwanagenzi kila kitu, fundi afe njaa. Kila fundi hubakiza mkono mmoja, siri moja asiyoifundisha. Sikuanza mimi.

Lakini wewe sikukuficha kwa sababu ya njaa. Mimi sina mtoto. Nilifikiri chachu yako itadhoofika, utakuja. Utakaa siku tatu, tutakunywa chai, utarudi na kitambaa chako. Mwaka wa pili utakuja na mtoto anatembea. Nilidhani kizazi cha tatu kingevumilia, kwa kawaida cha nne ndicho hufa. Nilikosea hesabu. Zile nyumba ishirini na tatu zinaniuma, usidhani haziniumi.

Njoo siku za kufagia makaburi ya wazee, mwezi wa nne. Nitakushika mkono nikuonyeshe. Jambo hili haliandikwi, linaonyeshwa. Njoo na mtoto. Nimenunua sukari guru.

Mama yako,
Qiao Guizhen

*

Shitang, 2 Aprili 1987

Mama Fundi,

Shikamoo. Sisi tuko salama. Xiaoman amepata meno mawili na ananiuma nayo.

Sitakuja.

Nimefikiri kwa wiki sita, si kwa hasira tu. Ungeweza kuliandika. Ni jina la mmea, mama, haliwezi kuwa refu kuliko haya uliyoniandikia kuhusu sukari guru. Nilikuuliza kwa karatasi ukanidanganya kwa karatasi, na ukweli nao ungeenea humo humo. Lakini hata ukiungama bado umeshika ile kamba ya kunivutia kwako. Unasema, njoo ndipo nikwambie. Hilo si ungamo, mama, ni mtego ule ule, safari hii una sukari.

Na kinachoniumiza hasa ni hiki: ningekuja. Bila kuitwa, bila chachu kufa. Nilikwisha kumshonea Xiaoman viatu vya safari, vyenye uso wa chui milia, nimshushe mlangoni kwako atembee hatua zake za kwanza kwa bibi. Vimeshakuwa vidogo. Nimempa mtoto wa jirani.

Hukuniamini kwamba nakupenda. Ukanifunga kama mbuzi, nami sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Usingoje siku ya kufagia makaburi.

Hemei

*

Yunkeng, 3 Septemba 1987

Hemei,

Natumaini wewe na mtoto mnaendelea vizuri. Joto la mwaka huu limeniangusha mara mbili, sasa nimeinuka.

Muuza tofu anapita vijiji vyote. Amesema Shitang mko kizazi cha tano, na pombe yenu inang'ata ulimi vizuri halafu inaacha utamu. Anasema ni kali kuliko yangu. Nilimwambia anyamaze. Akaondoka, nikakaa.

Tangu baridi ile pua yangu imekufa. Sinusi kitu. Kumbe nilikuwa natengeneza chachu kwa pua tu, miaka arobaini. Chachu mbili zimeniozea mkononi nisijue. Watu wa hapa hawajasema, lakini wameanza kununua ya dukani ya pakiti.

Ndani ya bahasha nimeweka jani. Ndilo la sita. Linawasha ulimi, lina doa jeusi katikati, linaota kando ya kila shamba la mpunga na watu hulipalilia kama takataka. Nimechelewa, najua. Nilitaka liwe mkononi mwako hata kama huna haja nalo.

Na nina swali. Mnafanyaje mpaka mnafika kizazi cha tano na makali yanaongezeka? Nina miaka sabini na moja. Wanasema ishi mpaka uzee, jifunze mpaka uzee. Nilikuwa nawaambia wanagenzi tu, sikufikiri siku moja itanigeukia mimi.

Nifundishe.

Mama yako, ukipenda,
Qiao Guizhen

*

Shitang, 21 Septemba 1987

Kwa fundi Qiao,

Shikamoo. Pole kwa kuanguka. Ukiinuka asubuhi kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, usisimame mara moja.

Jani limefika. Ni lile lile. Tulilipata mwezi wa tano, na nitakwambia tulivyolipata, kwa sababu hukuniuliza hilo lakini ni sehemu ya jibu.

Baada ya kurudi kutoka kwa Yueqin nilimweleza mama mkwe yote. Nilidhani atanicheka. Akaniuliza, "Kwa hiyo si mikono yako?" Nikamwambia, si mikono yangu. Akasema, "Mjinga mmoja, tapeli mmoja. Mjinga naweza kuishi naye." Siku ile ile akaenda bandani, akakiosha kinu kwa maji ya moto mara tatu.

Majira ya kuchipua nikawaita wanawake wote wa zile nyumba uani, nikawaonyesha kazi yote kuanzia mchele. Nikawaambia: haya ndiyo ninayoyajua, na hapa ndipo ninapokwama. Mama Pan akasema, "Fundi gani anasema amekwama?" Mama mkwe akamjibu, "Anayetaka kutoka. Wewe mwaka wa ngapi unakwama na mume wako, umewahi kumwambia mtu?" Wakacheka mpaka Xiaoman akaamka.

Yueqin alikuja, akatuambia alichokiona: kibichi, cha kijani. Basi. Hakuna aliyejua zaidi. Kwa hiyo kila mmoja akaleta jani analolijua. Tulikuwa na mabakuli kumi na moja. Madonge tuliyakausha juani bila kungoja mwezi mzima, ili vizazi vifuatane upesi, na kila bakuli tukalipeleka mpaka kizazi cha nne. Mabakuli mengi yalikufa. Mama mkwe, ambaye hajui kusoma hata jina lake, ndiye aliyekuwa anatafuna kila jani na kutuambia lina ukali wa namna gani. Lile la kando ya mpunga alilileta yeye. Alisema mama yake alikuwa anafukuzia nalo wadudu kwenye mtungi wa mchele.

Sasa jibu la swali lako. Fanya hivi.

Chuma jani hilo kabla halijatoa maua. Likishatoa maua limekwisha. Wewe ulikuwa unalisaga peke yake likiwa bichi, Yueqin alikuona, na hilo ni sahihi, lakini usichanganye makapi yake. Likamue kwenye kitambaa, tumia maji yake tu kukandia unga. Makapi ndiyo yanayoleta uozo. Hilo tuliligundua kwa kosa, Yueqin alisahau kuyatia. Kwa kila mabakuli kumi ya unga, mabakuli mawili ya maji ya jani. Yale matano mengine makavu yabaki kama ulivyonifundisha, yalikuwa sahihi.

Chachu iliyotangulia usitie ngumi nzima. Nusu ngumi. Ukizidisha, ile ya zamani inaila mpya.

Na kwa kuwa pua imekufa, tumia mkono na sikio. Siku ya pili ingiza mgongo wa mkono chini ya blanketi, si kiganja, kiganja cha fundi kimekufa kwa kazi. Pawe na joto kama shavu la mtoto aliyetoka kulala. Likiwa kama shavu la mtoto mwenye homa, funua robo. Siku ya tatu chukua donge moja, livunje karibu na sikio. Likivunjika kwa mlio mkavu, mwepesi, limeiva. Likinyamaza, ngoja nusu siku. Mchele ukishatiwa chachu, weka sikio kwenye mtungi siku ya tatu. Utasikia mvua ya mbali. Usiposikia, usiwape watu.

Nimeisoma orodha hii mara tatu, nikamsomea mama mkwe pia, ili nihakikishe sijaruka kitu. Sijaruka kitu. Maneno magumu nimeyaandika kwa herufi kubwa na pembeni nimechora picha.

Sikukuandikia haya kwa sababu hasira imekwisha. Haijaisha. Kuna siku namkanda mama mkwe mgongo nakukumbuka wewe, mkono unasimama, ananiuliza una nini, nasema hakuna. Nimekuandikia kwa sababu umeuliza, na mtu mzima wa miaka sabini na moja akiuliza afundishwe, anafundishwa. Hapa Shitang ndivyo tunavyofanya sasa. Hata Xiaoman atakuta hivyo.

Uliandika "mama yako, ukipenda". Nimelifikiria neno hilo siku tisa. Bado sijapata jibu, na sitaki kukupa la uongo.

Ukikwama kwenye hatua yoyote, niandikie. Nitajibu.

Tan Hemei